Sura ya Saba: Kichanja Kando ya Bwawa

Nyuma ya nyumba nyingi za Ibadakuli kuna vitu viwili vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Cha kwanza ni kichanja cha vyombo: nguzo nne, fito zilizopangwa juu yake, na sufuria zilizoinamishwa zikauke juani, mbali na kuku na mbwa. Cha pili ni simtanki jeusi lililokaa juu ya mnara mfupi wa tofali na zege. Ukivitazama kwa umbo, vyote viwili ni vichanja. Mizigo yao ndiyo haifanani hata kidogo. Kile cha vyombo hubeba kilo chache. Mnara wa tenki la lita 5,000 hubeba tani tano, uzito wa tembo dume, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Kitu cha tatu bado ni kigeni katika nyua hizi. Watoto wa mijini wamekwisha kuzoea vibwawa vya plastiki vya kujaza upepo, vinavyotandazwa asubuhi ya sherehe ya kuzaliwa na kukunjwa jioni. Kaka mkubwa wa vibwawa hivyo ni bwawa la fremu: ukuta wa bati la chuma au mabomba yaliyounganishwa kwa duara, ndani yake bitana nene ya plastiki, kimo chake kama mita 1.2. Halichimbwi. Linasimamishwa juu ya ardhi iliyosawazishwa, linajazwa maji, na mwenye kuoga hupanda ngazi upande huu na kushuka upande wa pili.

Ngazi hiyo ndiyo huzaa hamu ya jukwaa. Inayumba, ina nafasi ya mtu mmoja, na aliyetoka majini hana pa kusimama isipokuwa kwenye tope alilolitengeneza mwenyewe kwa maji yanayomchuruzika. Basi mwenye nyumba anaanza kufikiria baraza la mbao lenye kimo sawa na ukingo wa bwawa, mahali pa kukaa na miguu majini, pa kuweka viti viwili na meza ya soda. Huko Marekani, ambako mabwawa ya namna hii yametapakaa nyuma ya nyumba za watu wa kipato cha kati, jukwaa kama hilo ni kazi ya wikendi kadhaa. Kulijenga Ibadakuli kunawezekana. Linalotakiwa ni kujua kwanza uzito wa maji unakwenda wapi.

Hesabu ya ndoo

Tuseme bwawa lina kipenyo cha mita 4.5 na maji yana kina cha mita moja. Hizo ni lita zipatazo 16,000, yaani tani 16. Kwa ndoo ya lita 20 ni safari 800 za bombani. Kwa mita ya maji ni uniti 16. Kwa simtanki la lita 5,000 ni kulijaza na kulimimina mara tatu, kisha kubaki na deni la lita elfu moja.

Na hapo kazi haijaisha. Jua la Shinyanga huanza kudai fungu lake siku hiyo hiyo. Maji yaliyoachwa wazi katika Kanda ya Ziwa hupungua kwa milimita nne hadi sita kwa siku. Milimita tano katika bwawa hilo ni lita 80, ndoo nne kila kukicha, kabla mtoto hajarusha hata tone moja nje. Turubai la kufunika bwawa hupunguza hasara hiyo sana, na ndiyo maana jukwaa zuri huachiwa sehemu ya kuviringishia turubai.

Katika mkoa huu hesabu ya ndoo si mchezo. Ibadakuli ni kata iliyo nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wasafiri wanaijua kwa uwanja wake wa ndege, na mafundi umeme wanaijua kwa kituo cha kupoza umeme ambako njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa, kupitia Dodoma na Singida, inaishia baada ya kilomita 670. Umeme ulifika kutoka kusini. Maji yalitoka upande mwingine. Kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa, linalojaa na kupungua kwa kufuata mvua. Mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete alizindua mradi uliobadilisha hali hiyo: maji ya Ziwa Victoria yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa hadi tenki la lita milioni 35 juu ya kilima cha Mabale, kisha yanateremka kwa uzito wake yenyewe kuelekea Shinyanga na Kahama.

Mradi huo uligharimiwa na serikali ya Tanzania yenyewe, na haukupita bila maneno. Misri ilikuwa ikishikilia mkataba wa mwaka 1929, uliotiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake, uliowataka wenye ziwa wasiguse maji ya Nile bila ridhaa ya Cairo. Jibu la Tanganyika lilikuwa limeandikwa zamani: tarehe 4 Julai 1962, serikali yake iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba nchi huru haifungwi na mkataba huo. Lita 16,000 zinazotulia nyuma ya nyumba ya Ibadakuli zimepita katika historia hiyo yote kabla ya kufika kwenye mpira wa bustani.

Ukitazama vizuri, kilima cha Mabale na mnara wa simtanki vinafanya kazi moja. Vyote vinainua maji ili uzito uyashushe. Bwawa la fremu halitaki kuinuliwa. Linataka kukaa chini kabisa, tani zake zote 16 zikilala moja kwa moja juu ya udongo. Hapa ndipo fundi aliyezoea kujenga minara ya matenki hukosea anapoitwa kujenga jukwaa la bwawa: anadhani anajenga kitu cha kubeba maji. Jukwaa halibebi maji hata kikombe kimoja. Linabeba watu.

Mkanda wa pipa

Ukuta wa bwawa ni mwembamba kiasi cha kumshangaza anayeuona kwa mara ya kwanza. Bati lake haliwezi kusimama lenyewe likiwa tupu. Upepo wa Agosti hulikunja. Likijazwa maji, linakuwa gumu kama ngoma. Siri ni umbo la duara. Maji yanasukuma nje pande zote sawasawa, na bati linajibu kwa kujivuta, kama mkanda wa chuma unavyozishika mbao za pipa. Katika bwawa letu la kipenyo cha mita 4.5, mshono wa ukuta, pale ncha mbili za bati zinapokutana, unavutwa kwa nguvu inayozidi tani moja. Sehemu ya chini inavutwa zaidi kuliko ya juu, kwa kuwa msukumo wa maji hutegemea kina.

Mkanda wa pipa hufanya kazi vizuri mradi usigongwe wala kuegemewa. Ukipigilia ubao juu ya ukingo, au ukilaza boriti juu yake ili kuokoa nguzo mbili, umeuongezea ukuta kazi ambayo haukuumbiwa. Watu kumi wakisogea kwenye ukingo ule kumtazama mtoto anayepiga mbizi, bati linabonyea, duara linapoteza umbo lake, na maji hayahitaji mwaliko wa pili.

Wakazi wa ukanda huu wamekwisha kuona kuta za maji zikifunguka, tena kwa kipimo kikubwa mno. Tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka, na maji yenye tope la kijivu yakatapakaa katika mashamba na makazi ya vijiji vya jirani. Bwawa la mgodi na bwawa la kuogelea havifanani kwa ukubwa wala kwa ujenzi. Moja ni tuta la udongo na mabaki ya mgodi, jingine ni bati na plastiki. Kinachofanana ni tabia ya maji: yakipata mwanya hayatoki kidogo kidogo. Tani 16 zikiachiwa uani zinaweza kumwangusha mtu mzima na kuusukuma ukuta wa jirani wa tofali za kuchoma.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya wajenzi wa majukwaa haya ni kutoligusa bwawa. Jukwaa lisimame kwa nguzo zake lenyewe, na kati ya ubao wa mwisho na ukingo wa bwawa ubaki mwanya wa vidole viwili au vitatu. Mwanya huo unaliruhusu bwawa kutanuka kidogo linapojazwa, na unaliruhusu jukwaa kutikisika kidogo linapokanyagwa, bila kimoja kukisumbua kingine. Kuna faida nyingine inayoonekana baada ya miaka. Bitana ya plastiki huchoka kwa jua na dawa, na siku moja itabidi ibadilishwe. Jukwaa lililojengwa vizuri huishi muda mrefu kuliko bwawa lililo kando yake. Likiwa limepigiliwa ukingoni, kubadilisha bitana kunageuka kuwa kazi ya kubomoa.

Kanuni ya pili inafanana na ya kwanza, ila inahusu nyumba. Kishawishi kikubwa cha fundi ni kufunga upande mmoja wa jukwaa kwenye ukuta wa nyumba. Huko Marekani, majukwaa yanayoanguka mara nyingi huachia hapo hapo, kwenye kiungo cha jukwaa na nyumba, ambako misumari huchomoka taratibu bila kelele. Mfano wenye majonzi ni wa Chicago. Usiku wa manane wa tarehe 29 Juni 2003, vibaraza vya mbao vya ghorofa tatu nyuma ya jengo la makazi katika mtaa wa Lincoln Park viliporomoka wakati wa sherehe, cha juu kikiangukia cha chini. Watu 13 walikufa na zaidi ya hamsini waliumia. Tangu hapo ukaguzi wa vibaraza vya nyuma ya nyumba umekuwa jambo la kudumu katika jiji hilo.

Kichanja cha vyombo hakijawahi kufanya kosa hilo. Mama aliyekichimbia hakukiegemeza ukutani, kwa sababu hakutaka mchwa wapande wala maji ya masufuria yaloweshe tofali. Nguzo nne, kila moja na shimo lake.

Udongo unaotembea

Shimo lenyewe lichimbwe wapi? Wasukuma, wenyeji wa mkoa huu, wana majina ya udongo ambayo mpimaji yeyote angefaidika kuyajua. Juu ya mteremko, karibu na vilima vya mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi unaopitisha maji haraka. Ukishuka unakutana na itogolo, kisha ibambasi, ardhi ngumu inayokataa jembe. Chini kabisa, bondeni, ndiko kuliko na mbuga: mfinyanzi mweusi, wenye rutuba, unaolimwa mpunga mvua zikiwa nzuri. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, aliupa mpangilio kama huu jina la katena, yaani mnyororo: udongo unaobadilika kwa utaratibu ule ule kutoka kilele hadi bonde, kilima baada ya kilima. Neno hilo liliingia katika vitabu vya udongo duniani kote. Wakulima wa Usukuma tayari walikuwa na jina la kila pingili.

Kwa mjenzi, tofauti kati ya luseni na mbuga ni tofauti kati ya ardhi inayotulia na ardhi inayotembea. Udongo wa mbuga hunywa maji na kuvimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono mzima. Kuanzia Novemba hadi Aprili ardhi inapanda. Kuanzia Mei hadi Oktoba inashuka. Mwendo huo ni mkubwa zaidi katika mita ya kwanza na ya pili kutoka juu, pale pale ambapo msingi mfupi hukaa. Nyumba nyingi zenye nyufa za mshazari juu ya madirisha zinasimulia habari hiyo.

Bwawa likiwekwa juu ya mbuga, shida inaongezeka kwa namna isiyotarajiwa. Chini ya bwawa udongo umefunikwa, unabaki na hali moja. Pembeni yake, ambako maji ya kuogea yanamwagika, udongo unalowa na kuvimba. Hatua tatu mbele, jua linaukausha. Nguzo ya jukwaa iliyo karibu na bwawa inapanda wakati ya mbali inashuka, na sakafu iliyokuwa sawa mwezi wa sita inakuwa na mteremko mwezi wa kumi.

Dawa ya hali hiyo inajulikana kwa mafundi wa barabara za mkoa: ondoa mweusi, weka moramu. Kwa bwawa, udongo wa mbuga huondolewa kwa eneo linalolizidi bwawa kwa nusu mita kila upande, kisha moramu humwagwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likiwekwa unyevu na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Juu kabisa huja mchanga laini uliochekechwa, kwa ajili ya bitana, kwa maana jiwe dogo kama punje ya hindi likibanwa na tani 16 hutoboa. Nguzo za jukwaa nazo hushushwa chini kuliko sehemu inayovimba na kusinyaa, au husimamishwa juu ya vitako vya zege vilivyolala ndani ya moramu ile ile ya bwawa, ili vyote viwili vikipanda vipande pamoja. Na mfereji wa kupitisha maji uchimbwe kabla ya mvua. Aliye na kiwanja chenye luseni upande wa juu na mbuga upande wa chini hana haja ya kufikiri sana: bwawa liwe juu.

Mbao, mchwa na kuni

Fundi seremala wa Shinyanga akiulizwa mti bora atasema mninga. Ni mgumu, haupindi ovyo, na mchwa hawaupendi. Lakini mninga wa kutosha kujenga jukwaa ni ghali, na unatoka mbali. Mkoa huu una historia ndefu ya kupoteza miti yake. Wakati wa ukoloni, Old Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton, na kukata vichaka lilikuwa mojawapo ya majibu dhidi ya mdudu huyo. Pamba, mifugo na mkaa vikamalizia. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiuita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha heshima ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike hadi kiangazi. Maelfu ya hekta yalichipua upya, na mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Mti wa ngitili si mti wa kukatia jukwaa la bwawa.

Njia iliyobaki ni mbao za miti ya kupandwa: misindano na mikaratusi kutoka mashamba kama Sao Hill ya Mufindi, au mitiki. Misindano ikiachwa bila dawa ni karamu ya mchwa. Nguzo iliyochimbiwa leo inaweza kuwa ganda tupu baada ya misimu michache. Ndiyo maana huuzwa mbao zilizosukumiwa dawa kwa shinikizo, zile zenye rangi ya kijani-kijani, jamaa wa nguzo za umeme. Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ina shaba, kromu na aseniki. Marekani, viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003, kwa hofu ya aseniki kuwafikia watoto wanaochezea juu yake. Kwa mwenye jukwaa la Ibadakuli, jambo la kushika ni moja: vipande vilivyobaki baada ya kukata visipelekwe jikoni kuwa kuni. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu zaidi. Na pale miguu mitupu na mikono ya watoto inapogusa kila siku, yaani sakafu na vishikio, ni bora kuweka mtiki au mbao isiyo na dawa hiyo.

Wapo wanaoepuka suala zima la nguzo za mbao kwa kuzijenga kwa chuma cha mraba kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, au kwa tofali za saruji, mbao zikianzia juu. Hapo mchwa analazimika kujenga njia yake ya udongo waziwazi, na mwenye nyumba anaiona na kuibomoa kwa kijiti.

Magharibi zaidi, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, kuna mafundi wanaoisoma mbao kwa namna nyingine. Wachimbaji wadogo hushikiza kuta za mashimo yao kwa magogo wanayoyaita matimba. Uzito hapo unakuja kutoka pembeni na kutoka juu, na gogo hutoa dalili kabla ya kuvunjika: mlio, nyuzi zinazochanika, gome linalobanduka. Jukwaa la bwawa nalo hutoa dalili zake. Sakafu inayodunda mtu mmoja anapopita, kichwa cha bolti kilichozama ndani ya mbao, mstari mweusi wa unyevu kwenye kiungo. Aliyezoea kuingia shimoni hapiti dalili hizo akiwa anapiga mluzi.

Watu thelathini

Jukwaa la mita tatu kwa nne lina mita za mraba 12. Kanuni za Marekani hutaka jukwaa la nyumbani libebe kilo zipatazo 195 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wa mbao zenyewe. Kwa jukwaa letu hizo ni kilo 2,340, sawa na watu wazima 30 waliosimama wakibanana. Mwenye nyumba atasema familia yake haizidi watu saba. Aulizwe kuhusu siku ya ubarikio, au siku mtoto wa kwanza anapofaulu darasa la saba, wakati mpiga picha anapowaambia wote wasogee upande mmoja ili bwawa lionekane.

Kwa sababu hiyo nguzo za kati, ambazo hubeba eneo kubwa kuliko za pembeni, hupewa kitako kipana zaidi. Boriti hulazwa juu ya kichwa cha nguzo, si kupigiliwa ubavuni mwake, ili mzigo ushuke kwa kukaa na usining'inie kwenye misumari. Viungo vikuu hufungwa kwa bolti na nati zilizopakwa zinki, kwa kuwa dawa ya shaba ndani ya mbao hula chuma cha kawaida. Mbao za 2 kwa 6 zilizosimamishwa kwa ubavu hupangwa kila sentimita 40, kisha sakafu hufungwa juu yake kwa skrubu, huku ikiachwa nafasi ya unene wa msumari kati ya ubao na ubao, maji yapite. Mwisho vishikizo vya mshazari hufungwa kati ya nguzo, kwani jukwaa la kimo cha mita 1.2 huanguka kwa kuyumba kabla halijaanguka kwa kuelemewa.

Kisha uzio. Bwawa lenye ukuta wa mita 1.2 lina ulinzi wake wa asili: mtoto wa miaka mitatu hawezi kuupanda. Siku jukwaa linapomalizika, ulinzi huo umefutwa. Ngazi pana yenye vipandio vizuri inamwalika mtoto yule yule hadi ukingoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Jukwaa kwa hiyo huzungushiwa kizuizi, nafasi kati ya fito isizidi sentimita kumi ili kichwa kisipite, na chini ya ngazi huwekwa geti linalojifunga lenyewe, komeo likiwa juu kuliko mkono wa mtoto. Waya wa pampu ya kuchujia maji upite mbali na sakafu, na uanzie kwenye swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Bwawa lililoachwa bila klorini na bila kufunikwa halihitaji hata wiki mbili za joto kufuga kizazi kizima cha mbu.

Kazi ya mwisho haina gharama. Fundi huchukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaujaza maji, msaidizi anashika ncha moja upande wa nyumba na yeye anashika nyingine upande wa bondeni. Maji ya ncha mbili yakitulia, yanakuwa usawa mmoja, hata kama kati yao kuna bwawa, jukwaa na kichanja cha vyombo. Kwa kufuata usawa huo anachora alama ya kalamu ya risasi kwenye kila nguzo. Kisha anaitazama bitana: maji yamegusa mstari wake wa samawati pande zote nne. Ni mwisho wa Oktoba, na mbuga ya bondeni ina nyufa za kutumbukiza mkono. Anamwambia mwenye nyumba asizifute alama hizo, maana atarudi na mpira wake mwezi wa nne, mvua zikikatika.